Kina cha Ubeti wa Tisa

Azubah Tarbell alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka thelathini na miwili kati ya hiyo alikuwa wimbo.

Pale Hadwen, ukingoni mwa Mto Connecticut, watoto waliruka kamba kwa wimbo huo. Wanawake waliuimba wakikanda unga wa mahindi, wanaume wakauguna nyuma ya maksai. Wenye adabu walinyamaza walipomwona akija, na kunyamaza huko kulimchosha kuliko kuimba, kwa maana alijua wamekatia ubeti wa ngapi na ungefuata upi. Hakuwahi kumgombeza mtu. Mwanzoni alikuwa mchanga na aliona haya. Baadaye akawa na wazazi wa kuuguza. Na wazazi walipokwisha kuzikwa, alikuwa amechoka.

Kazi yake ilikuwa kupanga herufi katika duka la uchapaji la Bwana Eliakim Foote. Alifundishwa kazi hiyo na mchapaji wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, na Foote alipolinunua duka alimkuta humo pamoja na mashine na makasha ya herufi, akamwacha aendelee. Alisimama mbele ya kasha tangu asubuhi, akiokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume kwenye kishikio cha chuma, maneno ya watu wengine. Miguu ilimvimba kila jioni. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kijivu isiyotoka hata kwa sabuni ya majivu. Alipanga kalenda za wakulima, mahubiri, matangazo ya farasi waliopotea. Na majira yale ya baridi ya mwaka 1811, tangu theluji ya kwanza, alikuwa akipanga kitabu cha nyimbo.

Kilikuwa kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, Mkoba wa Nyimbo. Maneno matupu, bila alama za muziki, kwani nani angezisoma? Juu ya kila wimbo palikuwa na mstari mmoja tu: uimbwe kwa mahadhi ya wimbo fulani. Mahadhi kila mtu alikuwa nayo kichwani. Humo mlikuwa na mabaharia, na majambazi wanaotubu chini ya kitanzi, na wasichana waliovaa suruali wakawafuata wachumba wao vitani. Azubah aliwapanga wote bila kuwahurumia wala kuwachukia.

Taabu ilitokea kwenye karatasi ya mwisho. Kurasa huchapwa nyingi pamoja katika karatasi moja kubwa, ndipo karatasi ikunjwe na kukatwa. Na nyimbo za Foote zilikwisha zikiwa zimebaki kurasa mbili. Kurasa tupu mwishoni mwa kitabu cha nyimbo ni kama viti vitupu karamuni. Foote alihangaika siku tatu. Siku ya nne aliingia dukani akipangusa theluji mabegani, uso umemchangamka.

"Tumepona, Bi Tarbell! Nimepata wimbo wa kujazia. Tena wa hapa hapa. Juzi nyumba ya wageni wameuimba watu wazima, wana mvi, mpaka wakalia. Nikauliza, huu kauchapa nani? Hakuna! Miaka thelathini unaimbwa, na hakuna aliyeuchapa. Nimekwenda kwa mama mwenyewe aliyeutunga, kaniandikia kwa mkono wake."

Akaiweka karatasi juu ya kasha. Foote alikuwa mtu wa Hartford, hajatimiza hata miaka miwili pale mjini, na Azubah yeye alimjua kwa jina la Bi Tarbell tu.

Azubah hakuwa na haja ya kusoma. Hata hivyo alisoma, kwa kuwa kazi ni kazi.

*Njooni vijana wote,*
*mpate kusikiliza*
*Elihu alikufaje*
*kwa barafu na kwa giza.*

Mwandiko ulipanda na kushuka kama nyayo za mtu anayepapasa ukuta. Macho yake yakateremka, ubeti kwa ubeti, mpaka wa tisa.

*Kasimama mlangoni,*
*theluji yamfunika;*
*Azubah kanena, "Nenda,"*
*kisha huyo akacheka.*

Kule kwenye mashine, Obed Lunt aliacha kupaka wino. Obed alikuwa mpiga chapa, mzee mwenye mikono kama makasia, mzaliwa wa Hadwen.

"Bwana Foote," alisema, "hebu njoo huku nyuma."

"Kuna nini?"

"Panya."

"Panya gani asubuhi hii?"

"Mkubwa. Njoo umwone."

Walikwenda nyuma, kwenye rundo la karatasi. Waliporudi, masikio ya Foote yalikuwa mekundu.

"Bi Tarbell, haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Tunaweza kuficha jina. Desturi ipo, hata kwa wakubwa. Tunaweka A, halafu kistari kirefu."

"Na wakifika hapo waimbe nini?" Obed aliuliza. "Kistari hakiimbiki, bwana. Waweke kikohozi?"

"Obed, nyamaza."

"Nimenyamaza. Nilikuwa nauliza tu."

"Basi niuache kabisa," Foote akasema. "Nitafute mwingine."

Azubah aliitazama karatasi. Foote akiuacha, atauchapa mwingine, leo au mwakani. Wimbo unaoliza watu wazima haukai bila mchapaji. Na hilo ndilo lililomshika rohoni. Hapa Hadwen, pamoja na yote, watu walimwona akiteka maji, akimwogesha baba yake, akiketi kanisani na viatu vilivyopasuka. Walimwimba, lakini walimjua. Kitabu kingeingia katika masanduku ya wachuuzi, kingepanda milima, kingefika Vermont na York na kwingine ambako hajawahi kukanyaga wala hatakanyaga. Huko angefika akiwa na tendo moja tu. Angekuwa yule aliyecheka, milele, na hakuna ambaye angemwona akiteka maji.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema, akaokota herufi nyingine.

Januari ile, miaka thelathini na miwili nyuma, Elihu Thaxter alikuwa na miaka ishirini na miwili, amerudi kutoka vitani na vidole viwili pungufu mguuni. Kila Alhamisi alivuka mto juu ya barafu kuja kumwona Azubah, na ilikuwa desturi, usiku ukiwa wa baridi, mchumba alale humo humo. Vijana walilala kitanda kimoja na nguo zao zote, ubao katikati, wazazi chumba cha pili. Kuni ni ghali na njia ni ndefu. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini Jumapili ile mchungaji alipanda mimbari akaukemea ubao. Alisema shetani anajua kuruka mbao. Azubah alikuwa ameketi kiti cha tatu, na ilimjia kwamba kila shingo kanisani ilikuwa karibu kugeuka. Aliogopa maneno ya watu. Kwa hiyo Alhamisi Elihu alipokwisha kula, alimwambia, "Si leo. Ngoja maneno yapoe." Elihu hakununa. Alivaa koti, akafunga skafu, akafika mlangoni akasema kitu, na Azubah akacheka. Kisha akaenda. Upepo uligeuka akiwa katikati ya mto.

Walimpata siku ya pili.

Siku ya maziko Azubah alimshika Jerusha, dada yake Elihu, ambaye walikuwa wakisuka nywele pamoja tangu utoto, akamwambia sikioni, "Alinichekesha mlangoni. Jambo la mwisho nililomfanyia ni kucheka." Hakumwambia mtu mwingine. Mwisho wa baridi, majira ya kukamua maji ya miti kwa ajili ya sukari yalipofika, wimbo alioutunga Jerusha ulikuwa tayari midomoni mwa watu, na Azubah na Jerusha hawakuzungumza tena, isipokuwa salamu ya mlango wa kanisa.

Alhamisi mchana aliomba ruhusa, akaenda. Jerusha alikaa karibu na kinu cha maji, mjane wa Gale, katika nyumba ya chumba kimoja na nusu. Alikuwa kwenye kiti karibu na moto, akisuka ukili wa mabua ya ngano kwa ajili ya kofia, kama wanawake wote wa bondeni wakati wa baridi. Mboni za macho yake zilikuwa na ukungu. Alisuka kwa vidole tu.

"Nani?"

"Azubah."

Mabua yakaacha kusuguana. "Azubah yupi?"

"Kwani tuko wangapi? Yule wa wimbo."

"Funga mlango. Baridi inaingia."

Azubah alifunga, akaketi juu ya sanduku bila kukaribishwa, kwa sababu miguu haikungoja.

"Umekuja kunigombeza," Jerusha akasema. "Umechelewa, dada."

"Nguvu za kugombeza ningezitoa wapi? Nimesimama tangu alfajiri. Nimekuja kuuliza neno moja."

"Uliza."

"Ubeti wa tisa. Kwa nini ulisema nilicheka?"

"Si uliniambia mwenyewe?"

"Nilikwambia alinichekesha. Tulicheka wote. Wewe umeniacha nicheke peke yangu."

Jerusha alilaza ukili mapajani, akaulainisha kwa kidole gumba kama mtu anayebembeleza paka.

"Nilitaka kina," alisema.

"Nini?"

"Kina, Azubah. Mstari wa pili nilikuwa nao: theluji yamfunika. Ulinijia wenyewe nikikamua ng'ombe, nikalilia ndani ya ndoo. Sasa mstari wa nne sharti uishie na *ka*. Nikajaribu 'akashtuka'. Nikajaribu 'akazunguka'. Uzunguke nini, una kizunguzungu? Siku nne sikulala. Halafu nikayakumbuka maneno yako. Akacheka. Likaingia kama kifuniko kwenye chungu chake."

"Basi?"

"Basi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, kaka yangu yuko kaburini, na nimepata kina. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi siku nzima."

Miaka yote Azubah alikuwa amejiandaa kukutana na chuki. Alikuwa amekwisha kuijengea nyumba moyoni, akaipa kiti, akaizoea. Kwamba Jerusha alimchukia kwa kumtoa Elihu nje, na kwamba pengine alikuwa na haki. Sasa aliambiwa kwamba chuki haikuwahi kuwapo. Palikuwa na silabi moja tu iliyotafutwa na msichana juu ya kiti cha kukamulia. Hakujua kama amepata nafuu au ameibiwa.

"Mbona hukuutengeneza baadaye?"

"Ningeutengenezaje? Wiki mbili tu, ukawa umekwisha kufika ng'ambo ya mto. Wimbo si kondoo useme utaufuata na kamba." Jerusha akageuza uso kuelekea sauti ya mwenzake. "Nilikuona ukipita. Kila mara nilitaka kukuita. Halafu nasema, nimwite nimwambie nini? Samahani, nilikuwa natafuta *ka*?"

"Ndiyo," Azubah akasema. "Ungesema hivyo."

Moto ulilia, kuni mbichi.

"Foote anauchapa," Azubah aliendelea. "Utapita kwenye kasha langu. Naweza kubadili neno, asijue mtu mpaka wino umekauka. Lakini sitaki kukuibia. Wimbo ni wako. Nipe mstari mwingine."

"Leo?"

"Kesho Ijumaa."

Jerusha akacheka kidogo kwa pua. Kisha alinyoosha mgongo, na vidole vyake vikaanza kugonga mkono wa kiti, nane, nane, nane. Akawa mtu mwingine, mtu mwenye kazi.

"Na machozi yakashuka," alisema.

"Sikulia."

"Ni mazuri, lakini. Watu watayapenda."

"Ni mazuri. Si yangu. Usiniazimie machozi, Jerusha."

"Haya. Moyo wake ukaruka."

"Moyo wangu si chura."

"Wewe ni mgumu kuliko ulivyokuwa."

"Nimepanga herufi za washairi wabovu miaka ishirini. Endelea."

Vidole viligonga. Nje, maji ya kinu yalipita chini ya barafu. Jerusha alijaribu mistari sita au saba, akaitupa yeye mwenyewe kabla ya kukataliwa. Mwishowe akasema polepole, akihesabu:

"Wote wawili wacheka."

Azubah akazihesabu silabi kwa vidole.

"Nane," Jerusha akasema. "Kina kipo. Na ndivyo ilivyokuwa, au sivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ila hawataelewa, dada. Mtu anakwenda kufa, anacheka nini?"

"Wasielewe. Mradi nisicheke peke yangu."

Ijumaa Azubah aliupanga wimbo mzima kwa mkono wake. Juu aliweka: uimbwe kwa mahadhi ya Kinu cha Mjane. Alipofika ubeti wa tisa hakusitasita. Aliokota herufi kama alivyookota za mabaharia na majambazi. Obed aliisoma nakala ya kwanza, na midomo yake ikasogea. Akamtazama Azubah, akaitundika karatasi kwenye kamba, ikauke.

"Mwenye wimbo amebadili," Azubah alimwambia Foote.

"Ana haki," akasema Foote, na kurasa mbili zikajaa.

Kitabu kilitoka mwisho wa Januari. Wachuuzi walibeba chao wakaenda, na kilichosemwa huko mbali hakikurudi. Lakini Hadwen walikuwa jirani.

Wa kwanza kuja alikuwa Dorcas Wheelock, mke wa mwenye kinu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Bwana Foote, kitabu chako kina kosa."

"Wapi, mama?"

"Ukurasa wa mwisho. Umeandika wote wawili wacheka. Ni kisha huyo akacheka." Ndipo akamwona Azubah nyuma ya kasha, akashusha sauti, akaipandisha tena kwa sababu ilikuwa haijui kukaa chini. "Sisemi kwa ubaya. Kosa ni kosa."

"Si kosa," Azubah akasema.

"Shangazi, mimi nimeuimba wimbo huu tangu sijang'oa meno."

"Nami nimeusikiliza."

Dorcas akaondoka, akaacha hewa baridi mlangoni. Baada yake akaja mhunzi. Akaja shemasi. Mmoja alirudisha kitabu ili abadilishiwe, na kwenye ukurasa ule alikuwa amekata mstari kwa wino, pembeni akaandika kwa herufi kubwa AKACHEKA, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. Obed mwenyewe, akivuta mkono wa mashine huku akili iko kwingine, aliimba ule wa zamani mpaka mwisho, akashtuka.

"Samahani, dada. Ulimi umezoea njia."

"Vuta mashine, Obed."

Foote alianza kutembea huku na huku. Alisema hana nia mbaya, lakini akichapa mara ya pili, na watu wa hapa wanasema vile, pengine ingekuwa busara kuurudisha mstari waliouzoea. Azubah alimwambia amuulize mwenye wimbo. Alisema hivyo akirudisha herufi makashani, kila moja katika chumba chake, na mgongo ulimuuma mpaka kwenye meno. Aliona sasa ulivyo mdogo mkono wa mchapaji. Neno alikuwa amelibadili katika vitabu mia tano, na vinywani halikubadilika hata katika kimoja.

Katikati ya Februari palikuwa na ushonaji kwa Dorcas Wheelock. Binti yake Lovisa angeolewa majira ya kuchipua, na wanawake waliitwa kuja kushona mfarishi wake wa viraka. Azubah alikuwa haendi kwenye mikusanyiko hiyo. Lakini Jerusha alimtuma mtu: njoo unishike mkono, sioni barafu. Akaenda. Walipoingia pamoja, mkono kwa mkono, sindano kumi na mbili zilisimama kwenye kitambaa.

"Mnashona au mnatazama?" Jerusha akauliza. "Mimi siwaoni, lakini nasikia hamshoni."

Wakapewa nafasi kwenye pembe ya fremu ya kukazia mfarishi. Azubah alishona, Jerusha, kwa kuwa haoni, alitia uzi wa kila mtu nta. Wakala maharage na nyama ya chumvi na andazi la maboga. Baada ya chakula wasichana wakataka kuimba, na mmoja wao, Philena, mpwa wa Dorcas, mwenye madoa usoni na asiyeogopa mtu, akatoa Mkoba wa Nyimbo mfukoni. Alianza wimbo wa baharia. Akafuata wa jambazi. Kisha akafungua mwisho wa kitabu, na shangazi yake akamkazia macho.

"Philena! Si huo."

"Mwache aimbe," Jerusha akasema. "Imba, mwanangu. Ila imba kama ilivyoandikwa."

Philena aliimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, nyembamba, haina machozi ya bure. Azubah aliinamisha kichwa akaendelea kupitisha sindano. Ubeti wa saba. Wa nane. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwa msichana na macho yake yalikuwa juu ya ukurasa, na alipofika mstari wa nne wa ubeti wa tisa aliimba, waziwazi, huku akiutazama ule mpya:

"*Kisha huyo akacheka.*"

"Siyo," Jerusha akasema.

"Kitabu kimekosea hapo, bibi. Kila mtu anajua."

"Hakikukosea. Nimeubadili."

"Huwezi kuubadili, bibi."

"Mimi ndiye niliyeutunga, wewe mtoto!"

"Ndiyo, bibi, lakini zamani." Philena alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Umesahau tu. Mama amenilaza kwa wimbo huu. Ni akacheka."

Wasichana wakabana vicheko. Hata Dorcas alikuwa akitazama sindano yake kwa bidii kubwa mno. Bonge la nta lilimponyoka Jerusha likabingirika chini ya fremu, na hakuna aliyeliokota.

"Na tena hauleti maana," Philena akaongeza. "Wote wawili wacheka. Yeye yuko mlangoni, anafukuzwa, theluji inamfunika. Anacheka nini?"

Azubah alichomeka sindano kwenye kitambaa, mahali ambapo haingepotea. Hakusimama. Alisimama kutwa, kila siku. Kwa hili angekaa.

"Alisema," Azubah akaanza, na sauti ikamtoka kavu, akaanza upya. "Alisema, 'Zuby, nikiganda huko, wasinizike. Mwambie baba yako anisimike katikati ya mahindi yake. Kunguru watakoma.' Halafu akanyoosha mikono, hivi, kama sanamu ya shambani, akalaza kichwa begani, akatoa ulimi. Glavu moja ikaanguka. Baba alikuwa akigombana na kunguru tangu mimi niko mdogo, alikuwa akiwatukana kwa majina. Nilicheka mpaka baba akakohoa chumba cha pili. Elihu naye akacheka, akaokota glavu, akaenda."

Mmoja wa wasichana alikuwa ametoa kicheko kidogo pale kwenye ulimi, akajiziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka.

"Siku walipomleta kwenye kigari cha theluji," Azubah akasema, "alikuwa mgumu kama gogo, na baba yangu alikuwa mmoja wa waliomshusha. Ningemwambia nani maneno hayo? Ningemwambia mama yake?"

Philena alikifunga kitabu polepole. Dorcas Wheelock aliinama akaliokota bonge la nta. Jerusha alikuwa ameinua uso kuelekea dirishani kana kwamba kuna mtu amepita nje, na mikono yake ilikuwa ikipapasa juu ya mfarishi mpaka ikaupata mkono wa Azubah.

"Ndiye," alisema. "Huyo ndiye Elihu. Alikuwa hawezi kutoka mlangoni bila upuuzi wake. Beti kumi na nne nimemtungia, Azubah, na sikuwa na hata neno lake moja."

Akavuta mkono ule karibu, akaushika kwa yote miwili.

"Hebu rudia. Polepole. Alivyosema mwenyewe."

Azubah alikuwa amechoka. Akarudia.